Bafa ya Giemsa haitulii kwenye 7.2: mara 8, mara 6.8. Nirekebishe wapi?

Mlabo_Himbi (Goma)

Wakubwa, habari za kazi. Naomba ushauri juu ya bafa ya fosfati ya Giemsa (rangi ya kupaka slaidi za damu ili kuona vimelea vya malaria). Bafa ni ule myeyusho wa chumvi unaoshikilia pH, yaani kiwango cha uasidi, mahali pamoja; kwenye labo zetu tunaiita tampo. Fomula ni ya kawaida: Na₂HPO₄ gramu 1.0, KH₂PO₄ gramu 0.7, maji lita 1, shabaha pH 7.2.

Kwa maji ya bomba yaliyochujwa na kuchemshwa napata karibu 8. Kwa maji distile napata 6.8. Chumvi ni zilezile, mizani ileile. Slaidi za chupa ya kwanza zinatoa chembe nyekundu za damu zikiwa na rangi ya kijivu yenye ubuluu, na kiini cha kimelea hakitoki chekundu. Za chupa ya pili chembe ni waridi safi lakini vimelea vimefifia. Kusuuza ni kwa bomba, kwa chupa zote mbili.

Je, Giemsa yenyewe ndiyo imeharibika? Na ile ya 8, naweza kuishusha kwa siki?

KemiaIbanda (Bukavu)

Giemsa iache kwanza, haina kesi hapa. Una makosa mawili yanayovutana, moja linapandisha na jingine linashusha, ndiyo maana unaona kama bafa haina msimamo.

La kwanza ni maji. Bomba la Goma linatoka ziwani, na maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9 kwa sababu ya bikarbonati nyingi. Kuchuja hakuondoi chumvi iliyoyeyuka. Kuchemsha ndiko kunazidisha: moto unafukuza kaboni dioksaidi, bikarbonati inageuka karbonati, pH inapanda. Hivyo yale uliyoyachemsha kwa nia njema ni mabaya kuliko yaliyotoka bomba moja kwa moja.

Siki usitie. Ukimimina asidi kwenye maji ya bikarbonati utaona pH inashuka, utafurahi, utafunga chupa. Ila gesi bado inatoka polepole, na kesho asubuhi pH imepanda tena. Juu ya hapo umeongeza asetati (itokayo kwenye siki) ambayo fomula haikuiomba.

La pili nalishuku kwenye chupa ya chumvi. Tafadhali soma lebo ya Na₂HPO₄ neno kwa neno. Baada ya fomula kuna nukta na H₂O? Kuna namba gani?

Mlabo_Himbi (Goma)

Aksanti yaya. Lebo inasema Na₂HPO₄·12H₂O.

KemiaIbanda (Bukavu)

Basi tumelikamata. Gramu 1.0 ya fomula ni ya chumvi kavu isiyo na maji ndani yake. Fuwele zako zimebeba molekuli 12 za maji kila moja, kwa hiyo kwenye gramu 1 unayopima, chumvi halisi ni kama gramu 0.4 tu. Zaidi ya nusu unapima maji.

Kwa lita 1, badala ya gramu 1.0 ya kavu, pima:

- yenye 2H₂O: gramu 1.25
- yenye 7H₂O: gramu 1.89
- yenye 12H₂O: gramu 2.52

KH₂PO₄ inabaki 0.7, yenyewe haina maji ya fuwele.

Kwa nini pH ikashuka? Katika bafa hii kuna wawili: H₂PO₄⁻ anayetoa H⁺ na HPO₄²⁻ anayeipokea. pH inafuata uwiano wao. Fomula sahihi inaweka kama wapokeaji 7 kwa watoaji 5. Wewe ulipunguza wapokeaji hadi karibu 3 kwa 5, ukatua 6.8. Lita uliyotengeneza kwa maji distile usiimwage, ongeza gramu 1.52 ya fuwele zilezile, koroga mpaka ziyeyuke zote, pima tena. Ile ya bomba mwaga.

Kurekebisha kidogo kidogo kunafanywa kwa chumvi zilezile mbili. Tengeneza myeyusho wa 2% wa kila moja (gramu 2 kwenye mililita 100; ya kwako yenye maji 12 ni gramu 5). Matone ya Na₂HPO₄ yanapandisha, ya KH₂PO₄ yanashusha.

ChembeKatuba (Lubumbashi)

Naongeza upande wa chembe, maana slaidi zako zilikuwa zinakusomea pH kabla ya kipimo chochote.

Giemsa ina rangi mbili zinazogombania sehemu za kushika: azuri yenye chaji chanya, na eosini yenye chaji hasi. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, karibu yote ni hemoglobini. Protini hii hubadilisha chaji maeneo ya pH 7. Juu ya hapo inazidi kuwa hasi, eosini inasukumwa na azuri inashika, ndiyo ile kijivu-buluu yako. Chini ya hapo inavuta eosini, ndiyo waridi. DNA hali yake ni tofauti: fosfati zake zina chaji hasi kwenye pH zote hizi, kwa hiyo azuri inashika siku zote, na azuri ikikaa pamoja na eosini juu ya DNA inatoka rangi nyekundu ya zambarau.

Sasa angalia pete ya Plasmodium falciparum (kimelea cha malaria) chini ya lenzi ya 100 na mafuta. Nukta nyekundu ni kromatini, yaani kiini cha kimelea. Duara jembamba la buluu ni saitoplazimu, ambayo ni buluu kwa sababu ya RNA ya ribosomu. Chembe mwenyeji haina kimojawapo kati ya hivyo viwili, kwa hiyo ukiona nukta na duara ndani yake, si vyake. Kwenye 8 eosini haitoshi kuipa nukta wekundu wake. Kwenye 6.8 azuri imepungua nguvu, duara la buluu linafifia, na vidoa vya Schüffner (vinukta vinavyoonekana kwenye chembe iliyoingiliwa na P. ovale, aina nyingine ya kimelea cha malaria) vinaweza kupotea kabisa. Wanaohesabu chembe nyeupe wanapenda 6.8, na hawakosei kwa kazi yao. Kwa malaria ni 7.2.

Halafu usije ukashawishika na vidonge vya bafa yenye chumvi ya mezani, ile ya pH 7.4 ya kuoshea seli. Tone nene (gute epesi) haligandishwi kwa methanoli makusudi, ili chembe nyekundu zipasuke na hemoglobini itoke. Zinapasuka kwa sababu bafa yetu ni nyepesi mno, kama miliosmoli 31 kwa lita (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka) dhidi ya 290 hivi za plazma, majimaji ya damu, maji yanaingia ndani mpaka utando unashindwa. Bafa yenye chumvi inalingana na damu, chembe hazipasuki vizuri, na tone linabaki zito usione kitu.

Fundi_Giemsa (Goma)

Kuna jambo limepitwa: kusuuza kwa bomba. Hata ukipata 7.2 kamili, maji ya ziwa yanapita juu ya slaidi dakika ya mwisho na kuirudisha kwenye buluu. Suuza kwa bafa ileile, taratibu, kutoka upande wa tone jembamba (damu iliyotandazwa), ukiielesha rangi kwanza itoke ili ule utando wa juu usikae kwenye tone nene.

Giemsa ya 10% (mililita 10 kwa 90 za bafa) ni dakika 8 hadi 10. Ya 3% (3 kwa 97) ni dakika 45 hadi 60. Ya 10% ichanganye ukiwa tayari kuitumia, haingojei.

Maji distile yakikosekana, garaji wanauza maji ya betri. Hakikisha ni ya kuongezea, kwa sababu kuna chupa inayofanana nayo yenye asidi ya salfuriki. Maji ya mvua huku kwetu sishauri: moshi wa Nyiragongo unayatia asidi na floridi.

Mlabo_Himbi (Goma)

Nimeongeza 1.52, mita inasoma 7.2. Swali la mwisho: mizani yetu inaishia 0.01. Naweza kutengeneza mililita 100 tu kila asubuhi?

KemiaIbanda (Bukavu)

Hapana. Ungepima 0.07, na mizani ikiyumba 0.01 tu tayari umekosea sehemu moja ya saba. Tengeneza nzito mara kumi: fuwele zako gramu 25.2 na KH₂PO₄ gramu 7.0 kwenye lita 1 ya maji distile. Kila asubuhi chukua mililita 100, jaza hadi lita 1. Ile nzito ukiipima itasoma chini kidogo, karibu 7.0. Usiiguse. pH inayohesabika ni ya baada ya kuzimua. Ikiwa na ukungu au nyuzi zinazoelea, mwaga, kuvu wanapenda fosfati.

Na elektrodi ya mita ilaze kwenye KCl (kloridi ya potasiamu) ya mola 3, si kwenye maji distile. Sawazisha kwa 7.00 na 4.01 kabla ya kuiamini.