Kompyuta 14 ofisini Arusha: tubaki wokigrupu au tuhamie domeini?

Mteule_Sakina: Wakuu, ofisi ya utalii ina kompyuta 14: tisa Windows 11 Pro, tano Home. Zote ziko wokigrupu, na folda ya bukingi iko kwenye mashine ya mhasibu. Akizima tu, wote tunakwama. Msimu ukianza wanaingia vibarua, ukiisha wanaondoka. Bosi yuko tayari kununua seva. Mnashaurije?

Fundi_Njiro: Mkuu, usihesabu mashine tu, angalia watu wanabadilika mara ngapi. Kwenye wokigrupu kila kompyuta inatunza akaunti zake, kwa hiyo kibarua akiondoka unazunguka mashine zote alizotumia. Kwenye domeini akaunti zote zinasimamiwa na seva, kwa hiyo unaifunga mara moja tu hapo. Ila hizo Home haziingii domeini mpaka uzipandishe Pro, na Windows Server Standard inadai pia CAL, leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa. Hiyo bosi aijue mapema.

Kibo_Net (Moshi): Ukienda domeini, DNS (huduma ya kugeuza majina ya mtandao kuwa anwani za IP) ndiyo inayoumiza wengi. Seva ipewe IP isiyobadilika, na DHCP (inayozigawia kompyuta mipangilio ya mtandao) igawe IP hiyo kama DNS pekee. Usiongeze 8.8.8.8 (DNS ya Google) "ya akiba": kompyuta ikiiuliza hiyo, haitaiona domeini, na tatizo litakuja na kupotea bila mpangilio. Maswali ya majina ya intaneti iyapeleke nje seva yenyewe.

Halafu saa. Ikipishana na ya seva zaidi ya dakika 5, Kerberos (inayothibitisha watumiaji wa domeini) inakataa mtu kuingia. Kwa umeme wetu huu, mashine yenye betri ya CR2032 (ile ndogo ya kutunza saa) iliyokufa inaweza kuwaka na tarehe ya miaka ya nyuma. Badilisha betri kwanza.

Na waambie watu mapema: wakiingia kwa akaunti ya domeini watakuta desktopu tupu. Faili hazijafutwa, ziko C:\Users kwenye jina la zamani.

Dada_Mitandao: Mbona mnamkimbiza? Kinachomkwamisha leo ni folda kukaa kwa mhasibu. NAS (kifaa cha kuhifadhi faili kwenye mtandao) ya diski mbili, RAID 1 (kila diski ni nakala ya mwenzake), na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) vinamaliza hilo, na akaunti za folda anazifunga hapo hapo kwenye NAS. Bakapu iwe kwenye diski nyingine, maana mtu akifuta faili, RAID inafuta kote kuwili.

Mteule_Sakina: Nikianza na NAS, nikihamia domeini baadaye nitaitupa?

Dada_Mitandao: Hapana, chagua inayoweza kuungwa na Active Directory (mfumo wa domeini wa Windows). Kazi itakayobaki ni kupanga upya ruhusa za folda kwa akaunti za domeini.