Nimekwama na mtandao wa kiwanda cha chumvi. Ninunue nini?

Fundi_Gongoni
Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo limeninyima usingizi wiki ya pili sasa. Nashika umeme na mitambo kwenye kiwanda cha chumvi huku kaskazini mwa Malindi, jina lake naliacha. Pampu zetu za maji ya chumvi ziko kule kwenye mabwawa, mita 640 kutoka chumba cha mitambo. PLC, yaani kompyuta ndogo inayoamuru mitambo, iko huku, draivu zinazoendesha mota za pampu ziko kule, na zinazungumza kwa Etheneti, mtandao wa kebo. Kebo ya shaba mwisho wake mita 100, basi aliyenitangulia akapanga swichi sita za mtandao njiani, za kupokezana mawasiliano, ndani ya visanduku vya plastiki. Kusi ikiingia, chumvi hupenya kila mahali. Nikifungua kisanduku nakuta meno ya plagi yamegeuka kijani. Swichi moja ikizima, mabwawa yote yanyamaza.

Bosi amenipa pesa na wiki mbili. Nimesoma habari za TSN, za Etheneti ya jozi moja, za 5G ya viwandani. Kila mmoja anasifu chake. Nisaidieni: ninunue kipi?

MdauMalindi
Vuta faiba, kebo ya kioo inayopitisha mwanga, toka mwanzo hadi mwisho. Uachane na swichi za njiani zote sita. Kioo hakili kutu.

Nahodha_Shela
Mdau kasema kweli, nami nina ushahidi. Huku Lamu nilikuwa nikiangalia mtambo mdogo wa barafu ya samaki. Kebo ya shaba ilipita juu ya ua kwenda kwenye pampu ya kisima. Usiku mmoja wa mvua radi ikapiga mnazi ulio karibu. Mnazi wenyewe ulipona, lakini umeme ulipanda kebo ile ukaja kuunguza kila kadi ndani ya paneli. Wavuvi walirudi alfajiri na nguru wamejaa, barafu hakuna. Siku ile nilitamani nchi inimeze. Tulipotengeneza upya tukatia faiba, maana haipitishi umeme, na mpaka leo radi zinapiga na mtambo unaendelea. Ilibaki roli karibu mita 700, bado ninayo stoo.

Kijana_wa_Barani
Fundi, hapo kwenu mnachukua vijana wa atachi? Nasomea umeme mwaka wa pili.

Dada_Mitambo
Ngoja kidogo, tusimtume mtu dukani kabla ya kumsikiliza.

TSN uiondoe kichwani. Ile ni familia ya viwango vya IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, vinavyofanya saa za vifaa vyote ziende pamoja na ujumbe wa haraka upewe zamu yake bila kusukumwa na mwingine. Wanaoihitaji ni wenye roboti na mota nyingi zinazocheza pamoja kwa sehemu ndogo za milisekunde. Pampu ya maji ikichelewa nusu sekunde, bwawa halitajua.

Etheneti ya jozi moja ndiyo inayokufaa zaidi kati ya hizo mpya. Kiwango chake, 10BASE-T1L, kilipitishwa 2019: megabiti 10 kwa sekunde, waya mbili tu, hadi mita 1,000. Mita zako 640 zinaingia na nafasi inabaki. Pengine hata waya mliokuwa mkitumia zamani za RS-485, ule mfumo wa kale wa mawasiliano ya mitambo, kama bado umelala ardhini na ni mzima, unaweza kufaa. Ila vifaa vyake si rahisi kuvipata huku kwetu, na huo bado ni shaba, radi ya Nahodha inaujua. Ningekuwa mimi ningetia faiba, na nchani niweke swichi za viwandani zenye plagi za M12 zinazokazwa kwa kuzungushwa kama skrubu, zisiingize unyevu.

Sasa nami nikuulize. Visanduku hivyo vina miaka. Kwa nini bosi atoe pesa sasa, tena kwa wiki mbili? Nini kilitokea?

Fundi_Gongoni
Dada, ahsante sana. Hakuna kilichotokea cha kusema. Mambo ya kutu tu, yamezidi. Kuhusu swichi, kuna mtu Mombasa anazo nane za ofisini, bei nafuu, nimeshamtangulizia nusu ya pesa. Nikizifunga vizuri ndani ya visanduku vipya si zitashika mwaka?

MdauMalindi
Kumbe ulishanunua! Sasa ushauri wa nini?

Bi_Kisima
Mwacheni, mtu akishatoa pesa huja kuomba dua.

Dada_Mitambo
Fundi, hujanijibu. Na lingine: pampu ya kutilia madini joto iko kwenye mtandao huohuo?

Fundi_Gongoni
Iko.

Haya, niseme. Nyinyi hamnijui, nami nimechoka kulibeba peke yangu. Siku kumi na mbili zilizopita, zamu ya usiku, kipimo cha dawa ya madini joto kwenye PLC kilikutwa sifuri. Pampu ya dawa ilikuwa imesimama, mashine ya kufunga mifuko inaendelea. Asubuhi msichana wa maabara alipima akakuta chumvi haina kitu. Tukarudisha mifuko yote ya usiku ule, haikutoka getini, alhamdulillahi. Nimewauliza wote wa zamu, kila mmoja anaapa hakugusa. Bosi aliponiuliza nilimwambia ni swichi zimeoza. Ndipo akatoa pesa.

Jambo jingine: mwezi uliotangulia bosi alitaka aone viwango vya mabwawa kwenye simu yake akiwa Nairobi. Nikafungua mlango wa 502, namba ambayo PLC hupokelea amri za mtandao, kwenye raota ya ofisini, ile ile ya kamera, ukaingia moja kwa moja kwenye PLC. Programu yake ya simu ina neno la siri, kwa hiyo sioni ubaya. Nani huko duniani anaijua Gongoni?

Dada_Mitambo
Hakuna haja ya mtu kuijua Gongoni. Kuna mashine zinazopita usiku na mchana zikibisha kila anwani ya intaneti, zikiuliza kama 502 iko wazi. Neno la siri liko kwenye simu ya bosi. Kwenye PLC hakuna. Modbus, lugha inayopita kwenye mlango huo wa 502, ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa waya wa ndani ya kiwanda, zama ambazo aliyefika kwenye waya alikuwa tayari amepita kwa askari wa getini. Haiulizi wewe ni nani. Ukiiambia andika sifuri, inaandika.

Januari 2024 huko Lviv, Ukraine, watu walitumia Modbus hiyohiyo kuvuruga mitambo ya kupasha maji moto. Maghorofa zaidi ya 600 yalikosa joto karibu siku mbili, katikati ya baridi kali.

Sisemi wewe umeingiliwa. Ila swichi iliyooza hukata mazungumzo. Mimi sijawahi kuiona ikiandika namba mpya ndani ya PLC. Angalia kumbukumbu za raota usiku ule.

Binamu_Ngomeni
Mimi namsoma huyu tangu juu na nasema hadithi hii imetungwa. Anasema kusi imeingia. Kusi ikiingia ndiyo masika, na masika chumvi haivunwi, mvua yaiyeyusha. Sasa pampu zinapeleka maji wapi, na mifuko inafungwa usiku na chumvi ipi? Huyu ni mwanafunzi anatafutiwa jibu la mtihani.

Bi_Kisima
Ehee! Nami niliona. Mambo ya sifuri usiku wa manane ni ya sinema.

MdauMalindi
Kwani umeambiwa mwizi wa intaneti anakuja na jambia? Mwacheni ajibu.

Fundi_Gongoni
Binamu, hatuvuni, umesema kweli. Lakini chumvi ya kiangazi iko kwenye malundo, na hiyo ndiyo tunayoiosha na kuifunga masika yote. Kuiosha hutumii maji matamu, yataiyeyusha. Unatumia maji ya chumvi yaliyokolea, na hayo yatoka mabwawa ya nyuma, mita 640. Pampu za baharini zimelala tangu mvua ya kwanza. Njoo Gongoni uulize mtu yeyote.

Mama_Marereni
Nimeshona mifuko ya chumvi miaka minne. Anachosema ndicho kilivyo. Tena kijana wangu, nikwambie kama mama: chumvi ile ndiyo watoto wetu wanalishwa. Sheria imeweka madini joto kwa sababu watu walikuwa wakiota rovu. Safari hii msichana wa maabara amekusitiri. Umemficha mwenye mali jambo la mali yake, na sisi walaji pia umetuficha.

Binamu_Ngomeni
Basi niwie radhi, Fundi. Sikujua habari ya kuoshea.

Fundi_Gongoni
Mama, nimekusikia. Lakini nielewe: nikisema, nitaambiwa mlango niliufungua mimi. Nina watoto watatu. Nilifikiri nikiweka swichi mpya jambo litapita.

Dada_Mitambo
Swichi mpya zitapitisha amri ya sifuri upesi zaidi. Fanya hivi, usiku huu huu: funga 502. Kisha mitambo itengwe na kamera na ofisi, iwe na faiwoli yake, ukuta wa kuchuja mawasiliano. Bosi akitaka kuona mabwawa apitie VPN, njia iliyofichwa yenye ufunguo, na apewe kusoma tu, kuandika hapana. Za ofisini nane zile mwombe mtu wa Mombasa akurudishie hata nusu, hazigawi mtandao mafungu yaliyotengana (VLAN) na hazitamaliza kusi moja. Na ndani ya PLC weka kikomo: dawa ikishuka chini ya kiwango, mashine ya mifuko isimame yenyewe. Hilo halihitaji kununua kitu.

Kijana_wa_Barani
Dada, hicho kikomo kinaandikwa vipi? Nataka kujifunza.

Fundi_Gongoni
Nimefunga mlango saa tatu na robo. Kumbukumbu za raota zinaanza juzi tu, za nyuma zimejifuta. Kikomo nimekiandika, nikajaribu kwa kuvuta plagi ya pampu ya dawa: mashine ya mifuko ikasimama. Skrini ya bosi sasa ni tupu. Amepiga mara mbili, sikushika.

Inaita tena. Naipokea.

Nahodha_Shela
Roli ile nitaitia kwenye basi Mokowe Jumamosi asubuhi. Pesa tutazungumza ukishamaliza na bosi.