Naombeni ushauri: kwa chaneli za HD, nichukue dishi au waya wa mtaani?

Mwenyeji wa Busia
Ndugu zangu, habari za jioni. Nipo Busia, upande wa Uganda, na ninaomba mawazo yenu kabla mwezi haujaisha. Nimenunua televisheni ya inchi 55 yenye HD kamili, na sasa natafuta huduma itakayoniletea chaneli nyingi zaidi za HD, hasa za mpira. Njia ninazoziona ni mbili. Ya kwanza ni dishi, ambayo inanilazimu kununua king'amuzi, kumlipa fundi na kulipia kifurushi kila mwezi. Ya pili ni waya unaosambazwa mtaani kwetu na bwana mmoja, ambaye anataka shilingi 40,000 tu kwa mwezi na anasema ana chaneli 60, zote HD, bila dishi wala king'amuzi. Karatasi aliyonipa imeorodhesha chaneli ambazo kwa njia ya dishi ningelazimika kulipia kampuni mbili tofauti ili nizipate. Ananihakikishia pia kwamba waya hauguswi na mvua, nanyi mnaijua mvua ya huku kwetu ikianza mwezi wa Machi. Kwa upande wa chaneli za HD peke yake, ni ipi iliyo bora? Jambo hili linaninyima usingizi.

Hajati wa Bombo
Mwanangu, pole kwa mawazo. Mimi nitakuuliza kwanza kama karo ya watoto imeshalipwa, kwa sababu kifurushi cha mpira ni mgeni anayekuja kila mwezi na hafungi mizigo. Hapa kwangu, tangu nchi ilipohamia dijitali mwaka 2015, tunatumia antena ya kawaida na kisanduku cha chaneli za bure, na taarifa ya habari tunaipata bila kumlipa mtu. Wajukuu hulalamika kwamba picha haijakolea, nami huwaambia kuwa habari ni ile ile.

Fundi wa Mbale
Hajati, shikamoo. Ndugu wa Busia, nimefunga madishi kwa miaka mingi na ningependa kukujibu kwa undani, ila kwanza nahitaji kujua mambo mawili. Waya wa huyo bwana unaingia kwenye tundu gani la televisheni: tundu la duara la antena, au lile bapa la HDMI? Na je, ni kweli hakupi kisanduku chochote cha kuweka katikati?

Nauliza kwa sababu HD haitokani na televisheni peke yake. Picha ya HD kamili ina pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili, ilhali picha ya kawaida tuliyoizoea ina 720 kwa 576, ambazo hazifiki hata laki tano. Ili hizo milioni mbili zifike kwenye skrini yako, lazima chaneli yenyewe irushwe kwa HD, king'amuzi kiwe cha HD, na kiungwe kwa HDMI. Kiungo kimoja tu kikishuka, utakachokitazama ni picha ya kawaida iliyovutwa hadi ikajaa skrini, na kwenye inchi 55 ukungu wake utauona ukiwa mlangoni. Usihesabu chaneli kabla ya kukagua njia zinamopita.

Niliyewahi Kuishi Chicago
Fundi amegusa suala la hesabu, nami naliongezea. Nilipokuwa Marekani, mashindano ya dishi na waya yalikuwa makali sana, na silaha yao ilikuwa idadi. DirecTV, ambayo ni ya dishi, ilirusha setilaiti yake ya DirecTV 10 mwezi wa Julai 2007 na ikawaahidi wateja hadi chaneli 100 za HD. Comcast, ambayo ni ya waya, ikajibu mwaka 2008 kwa kuahidi chaguo zaidi ya 1,000 za HD. Ukilisoma neno hilo kwa makini unagundua kwamba hazikuwa chaneli, bali zilichanganywa na filamu na vipindi vya kuagiza kimoja kimoja. Kila upande ulihesabu kwa kipimo kilichoupendeza. Mimi na mwenzangu wa chumbani tulichukua kalamu, tukaandika chaneli tulizokuwa tukizitazama kweli kwa wiki nzima, na orodha yetu haikujaza hata nusu ukurasa. Tulichagua huduma kwa orodha hiyo, tukaishi kwa amani. Nawe andika yako: ni ligi gani hasa unazotaka?

Hata hivyo, waya wa kule na waya wa mtaani kwenu havilingani kabisa. Kule kampuni ya waya ilikuwa na leseni, ilikuwa na mikataba na wenye chaneli, na ilimpa kila mteja kisanduku cha HD.

Mwalimu wa Tororo
Nimeusoma uzi huu tangu mwanzo na kuna kitu hakijakaa sawa. Mtu anayetaka kutazama mpira nyumbani kwake hahitaji chaneli 60, wala hakosi usingizi kwa sababu ya mvua ya jioni moja. Ndugu yangu, televisheni hiyo itakaa wapi, na itatazamwa na nani?

Mwenyeji wa Busia
Mwalimu, nitakujibu kwa heshima zote. Televisheni si ya sebuleni. Nimekodi chumba kirefu karibu na stendi ya magari, nimeweka mabenchi, na nakusudia kuonyesha mechi kwa kiingilio cha shilingi 1,000. Sikuona haja ya kulitaja mapema kwa sababu swali langu lilihusu HD, na HD ni ile ile iwe sebuleni au kwenye kibanda. Ninaomba mnielewe pia kuhusu waya. Bwana huyo nimeshampa malipo ya awali ya shilingi 150,000, na ukutani tayari tumechora kwa rangi maneno "MECHI ZOTE HD". Mtaji wangu ni mdogo. Wenye vibanda wengine hapa wanatumia waya wake na watu wanajaa. Na mvua ikinyesha wakati wa mechi, mwenye dishi hurudisha viingilio, ilhali mimi wa waya nitaendelea kuonyesha.

Fundi wa Mbale
Sasa tunazungumza, na nianze na mvua kwa sababu ndiyo iliyokupa moyo. Mawimbi ya setilaiti tunayoyapokea huku yako katika bendi ya Ku, na matone ya mvua kubwa huyameza kabla hayajafika kwenye dishi. Hilo ni kweli. Lakini jiulize huyo bwana anazitoa wapi hizo chaneli. Hana setilaiti yake, wala hana kebo kutoka Kampala. Ana madishi juu ya paa lake, na waya wako unaanzia hapo. Mawimbi yakikatika kwake, nawe umekatika, pamoja na vibanda vyote alivyoviunga. Juu ya hayo unategemea umeme wa watu wawili: Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikimwishia yeye, jenereta yako itakuwa inanguruma mbele ya skrini tupu.

Kuhusu dishi, mahali mlipo mna bahati ambayo wengi hawaijui. Setilaiti ya DStv iko kwenye nyuzi 36 mashariki, na Busia iko karibu na nyuzi 34 mashariki, karibu kabisa na ikweta. Kwa hiyo setilaiti hiyo iko karibu utosini mwenu, na mawimbi yanapita kwenye tabaka la mvua kwa njia fupi kuliko wangekuwa nayo watu wa mbali. Dishi lake linalala karibu chali, basi lisafishwe majani na vumbi. Azam TV, ambayo watu wa mpakani huipenda kwa Ligi Kuu ya Tanzania, iko nyuzi 7 mashariki, na dishi lake linaelekezwa magharibi. Dishi moja lililokazwa kwa upande mmoja halitakupa upande wa pili, na hilo uliweke kwenye bajeti mapema. Chukua dishi la sentimita 90, lifungwe kwenye nguzo ya chuma iliyosimama wima isiyoyumba, na usiuache waya wake ukipigwa jua bila kufungwa ukutani.

Mwalimu wa Tororo
Fundi amemaliza upande wa mitambo, nami niseme juu ya sheria, kwa sababu kibanda kinabadilisha kila kitu. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani, na kampuni za dishi zina vifurushi vya biashara kwa mabaa, hoteli na kumbi. Kwa DStv huduma hiyo inaitwa DStv Business. Sheria ya Haki Miliki ya mwaka 2006 inampa mrushaji matangazo haki ya kuzuia matangazo yake yasirushwe upya na mtu asiye na ruhusa. Nayo Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 inataka mtoaji wa huduma ya utangazaji awe na leseni ya UCC, yaani Tume ya Mawasiliano ya Uganda, na inagusa hata leseni za kumbi za video kama chako. Mwombe bwana wa waya akuonyeshe karatasi zake. Kama hana, siku atakapokamatwa wewe utabaki na mabenchi na maandishi ya ukutani.

Mchunguzi wa Malaba
Samahani, mimi naona tunachezewa. Mtu alianza na televisheni ya nyumbani, sasa ni kibanda. Alianza na swali, sasa amelipa. Bei ya waya ameitaja mara ya kwanza tu alipofungua mdomo, lakini bei ya dishi hajaigusa. Ama huyu ndiye mwenye waya anayetafuta wateja, ama ni wakala wa kampuni ya dishi aliyetunga kisa ili fundi wetu aisifie biashara yake bure. Msipoteze usiku wenu.

Hajati wa Bombo
Mimi nami nilijiuliza kuhusu ule usingizi. Lakini tusimhukumu mtu bila kumsikiliza.

Niliyewahi Kuishi Chicago
Kama ni hadithi, bado maswali yake ni ya kweli, kwa sababu vibanda vya namna hiyo vipo kila mji. Kuna njia rahisi ya kujua. Fundi aliuliza kuhusu tundu la waya, na swali hilo halikujibiwa hadi sasa. Mwenye kibanda cha kweli atajibu kwa dakika moja.

Mwenyeji wa Busia
Mchunguzi, umenihuzunisha, lakini nitajibu. Nimesimama hapa kwenye chumba. Waya ni mweusi, mnene kama penseli, umepitishwa juu ya dirisha, na unaingia kwenye tundu la duara lililoandikwa ANT IN. Kisanduku hakuna. Jana alipokuja kunionyesha, tuliweka chaneli ya mpira, na tukiwa tunatazama, chini ya skrini ikatokea menyu ya king'amuzi ikishuka na kupanda, kisha chaneli ikabadilika yenyewe ikawa ya tamthilia. Akapiga simu, ikarudi. Baadaye kidogo katikati ya picha zikatokea tarakimu nyingi nyeupe, zikapotea. Picha ilikuwa nzuri kwangu, ingawa namba za migongoni mwa wachezaji sikuzisoma vizuri. Bei ya dishi sikuitaja kwa sababu ya kifurushi cha biashara bado sijaiulizia.

Fundi wa Mbale
Mchunguzi, mambo hayo hayatungwi na mtu ambaye hajayaona. Menyu uliyoiona ni ya king'amuzi kilichoko nyumbani kwake, na aliyebadilisha chaneli alikuwa na rimoti huko huko. Tarakimu nyeupe ni namba ya kadi. Kampuni huzipitisha kwenye skrini ili zijue kadi ipi inatumika pasipostahili, kisha huifunga. Na kwa kuwa waya unaingia kwenye tundu la antena bila kisanduku, na chaneli moja inaendeshwa na king'amuzi kimoja cha kwake, anachokuletea ni mawimbi ya analojia, ule mfumo wa zamani kabla ya dijitali. Hata kama kwake juu ya paa chaneli ni HD, kwako inafika picha ya kawaida. Kwenye karatasi yake ya chaneli 60, idadi ya HD itakayofika kwenye benchi lako ni sifuri.

Kama ligi yako ni ya Uingereza, anza na SuperSport, chaneli za michezo za DStv, kupitia kifurushi cha biashara, king'amuzi kimoja cha HD, HDMI moja kwa moja hadi kwenye televisheni. Zingine utaongeza kibanda kikishajilipa.

Mwenyeji wa Busia
Nimesoma mara mbili. Kuhusu uamuzi wangu wa kuanza na waya, kwa mtaji niliokuwa nao ndiyo njia iliyokuwepo, na sioni kama ulikuwa wa kipuuzi. Kesho asubuhi nitamdai bwana huyo malipo yangu kabla hajanunua nyaya, halafu nitakwenda kuulizia bei ya kifurushi cha biashara. Swali langu la mwisho, fundi: chumba ni kirefu, na walioko nyuma wataumia. Nikipata televisheni ya pili, king'amuzi kimoja kitaendesha zote mbili kwa HD?

Fundi wa Mbale
Kitaendesha, mechi moja kwa skrini zote mbili. Nunua kigawanyaji cha HDMI chenye umeme wake, kisichokuwa na umeme kitakusumbua. Waya wa HDMI usizidi mita 10, kwa sababu ukirefuka zaidi picha huanza kukatika, hasa ukiwa wa bei ya chini. Pima chumba kwa futi kamba kabla ya kununua, na king'amuzi ukiweke katikati ya ukuta, si mlangoni.