Mrejesho: altaneta ya Corolla 110

Wakuu, niliuliza hapa kama ninunue altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) mpya ya bei chee au used ya Japani, maana taa ya betri ilikuwa haizimi. Asanteni sana, mmenisaidia mno.

Kubadili brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani) za ile ya zamani hakukusaidia, rota, yaani sehemu yake inayozunguka, ilishaungua. Nikafuata waliosema nichukue used ya Denso (kampuni ya Japani), ipimwe kwenye mashine kabla ya kulipa, plagi na puli (gurudumu la mkanda) zilingane na za ile ya zamani. Nimeipata Gerezani, Dar. Injini ikiunguruma mita inasoma volti 14.2, taa imezima.

Ila gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), nikiwasha AC na taa kubwa, volti zinashuka hadi 13.1. Nimesafisha waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, zikapanda kidogo tu. Sasa nabadili mkanda unaozungusha altaneta, umeanza kung'aa pembeni, huenda unateleza.