CV yangu haijibiwi, tatizo nini?

Wadau habari zenu, natuma maombi ya kazi za uhasibu kila siku na CV ileile, kurasa nne, kimya tu. Nirekebishe wapi jamani?

— Mkuu kurasa nne nyingi mno, mbili zinatosha. Halafu soma tangazo vizuri, wakitaja Excel au ukaguzi wa hesabu na unavijua, viandike kwa maneno yaleyale, maana kampuni nyingi zinachuja kwa programu kabla mtu hajasoma. Na usiseme "nilihusika na mishahara", sema uliandaa ya watu wangapi na kwa mfumo gani.

— Naunga mkono. Ila ingia pia LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, uwacheki uliosoma nao, usianze kuomba kazi, uliza kwanza idara yao ya fedha inaajirije, hapo wengi wanajibu.

— Asanteni sana, leo naipunguza.