Sabuni ya koldi prosesi: maika, oksaidi au vya jikoni? Naagiza kesho

Povu_Jipya
Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa haraka. Nimeanza kutengeneza sabuni za kuogea za koldi prosesi, hizi za bila kupika, za mwanzo zimetoka poa tu, povu lipo na haziwashi, ila rangi haieleweki. Sasa dada yangu ana sherehe mwisho wa mwezi ujao, anataka vipande vidogo vya kugawa kwa wageni na kashasema anataka zambarau na pinki zilizozungushana kama marumaru. Nina njia tatu: maika zile za unga unaong'aa, oksaidi zile rangi za unga za madini, au nitumie tu vya jikoni kama manjano na bitiruti nisitoe hela. Kwa anayeanza ipi bora? Majibu mafupi tafadhali.

Fundi_Gramu
Majibu mafupi hayapo hapa. Mafuta gani na kwa asilimia ngapi? Manukato gani? Kalibu unaifunika ipate joto au unaiacha wazi? Unapika, samahani, unatengeneza kilo ngapi kwa mara moja? Bila hayo kila mtu atakwambia rangi anayoipenda yeye.

Mama_Vipande
Oksaidi. Nimemaliza. Kostiki soda, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, haiigusi, jua haliigusi, na robo kijiko cha chai inatosha nusu kilo ya mafuta. Maika unajaza kijiko kizima kwa mafuta yale yale na mng'ao wenyewe ndani ya sabuni hauuoni, unaishia juu ulikopaka.

Mzee_wa_Kalibu
@Mama_Vipande zambarau ya oksaidi utaitoa wapi mama? Oksaidi za chuma zina nyekundu ya tofali, njano, nyeusi na kahawia. Kijani ni ya kromiamu. Zambarau na bluu na ile pinki iliyopoa ni altramarini, wauzaji wanaziweka rafu moja na oksaidi ndo maana watu wanaziita hivyo. Ni nzuri kwenye sabuni, hazisumbuliwi na kostiki, zinachokataa ni tindikali. Zikiingia kwenye uji, yaani mchanganyiko wa sabuni ukiwa bado mbichi, zinaweza kutoa kaharufu ka yai bovu, usishtuke, kanaisha.

Mama_Vipande
Sawa mzee, altramarini. Hoja yangu iko pale pale.

Binti_Manjano
Jamani mbona mnakimbilia vya maabara wakati mtu ametaja vya jikoni. Dada nikusaidie mapema, bitiruti sahau. Inaingia nyekundu ya kupendeza, ukigeuka ni kahawia. Hata maua ya rozela vile vile, yanaenda kijivu au kahawia. Zinazoishi kwenye sabuni ni manjano (njano hadi chungwa, ila usizidishe itapaka taulo), mbegu za mzingefuri unaloweka kwenye mafuta unachuja, paprika, kakao, mkaa wa unga ule wa tiba. Kwa zambarau kuna mzizi wa alkaneti, unauloweka kwenye mafuta wiki kadhaa mafuta yanakuwa mekundu kabisa, ukiyapeleka kwenye kostiki yanageuka zambarau inayoelekea bluu. Kwa pinki tumia udongo mwekundu wa urembo, huo haubadiliki na unalainisha. Nimeacha maika kitambo na sijutii.

Fundi_Gramu
Alkaneti kwa mtu ambaye sherehe ni mwezi ujao? Mzizi wenyewe uloweke wiki kadhaa, halafu sabuni ikomae wiki 4 hadi 6, wageni watagawiwa picha. Na hiyo zambarau ukiiweka dirishani inafifia.

Binti_Manjano
Unaweza kuloweka kwa joto, bakuli juu ya maji ya moto saa chache inatosha. Na mambo ya asili kufifia ndo uzuri wake.

Mzee_wa_Kalibu
Mteja hajawahi kuniambia kufifia ni uzuri.

Shangazi_Povu
Ngoja niingie hapa kwenye zambarau maana hii rangi ilinitoa machozi. Nilikuwa na oda kubwa ya mtu anafungua saluni, anataka zambarau iliyokolea, nikanunua maika kwa muuzaji ambaye sitamtaja, kopo limeandikwa salama kwa vipodozi, na kweli ni salama kwa vipodozi, kwenye kope za macho ingependeza sana. Nikalainisha kwenye mafuta mepesi, ikawa zambarau ya kifalme kabisa, nikaimimina kwenye uji ukiwa bado mwepesi, nikaanza kuzungusha. Jamani. Nikiwa natazama hivi hivi ikaanza kupoa, kama mtu anapunguza mwanga, ikawa kijivu, nikasema labda sijakoroga nikaongeza kijiko kingine, ikaja kidogo ikaondoka tena. Nikafunika kwa blanketi nikajipa moyo kwamba joto litairudisha. Asubuhi nafungua ni rangi ya majivu yaliyonyeshewa, kalibu zote, na mwenye saluni yuko kwenye simu anauliza zimetoka vipi. Nikampigia muuzaji, jibu lake eti sijui kuchanganya. Nikachukua kopo nikasoma yale maandishi madogo ya chini, viambato: maika, titaniamu dioksaidi, zambarau ya manganizi. Hiyo ya manganizi haivumilii kostiki hata kidogo, inavunjika. Yeye anauza anajua wateja wake ni wa sabuni na hakusema neno. Mwenye saluni nilimrudishia advansi, zile sabuni tuliogea sisi wenyewe nyumbani mpaka watoto wakaziita sabuni za mawe.

Kwa hiyo mdogo wangu, maika sio kitu kimoja. Maika yenyewe ni jiwe tu linalong'aa, halina shida. Shida ni kilichopakwa juu yake. Ikiwa ni oksaidi za chuma au altramarini, tulia. Ikiwa ni manganizi au rangi ya chakula au bluu ile ya feriki, inaweza kukuaga. Soma kopo, sio picha.

Povu_Jipya
Duh pole sana shangazi. Sasa mimi nitajuaje kabla sijaharibu?

Shangazi_Povu
Siku unayotengeneza sabuni isiyo na rangi, teka uji kijiko viwili vitatu kwenye vikombe vidogo, kila kikombe punje ya rangi yake, andika jina, acha mpaka kesho yake. Usijaribu kwenye sabuni iliyokomaa ya kuyeyusha, hiyo ukali wake umeshatulia haitakuonyesha kitu. Na vikombe usivishike mikono mitupu, uji mbichi bado unaunguza, glavu na miwani kama siku zote.

Nili_Kidogo
Mi naona mnamzungusha tu. Chukua nili ya kufulia ile ya unga, si ndo altramarini hiyo hiyo? Bei ndogo, bluu safi, ukichanganya na nyekundu ya oksaidi unapata zambarau.

Fundi_Gramu
Hapana. Nili nyingi za unga kweli zimetengenezwa kwa altramarini, lakini za kufulia zimewekewa vitu vingine na hakuna aliyezipima kwa ajili ya ngozi. Nyingine sio altramarini kabisa ni rangi ya kitambaa. Huwezi kugawa hiyo kwa wageni.

Nili_Kidogo
Shuka ulilolalia limefuliwa na nini?

Fundi_Gramu
Shuka limesuuzwa. Tuendelee. Na bluu ukiichanganya na nyekundu ya tofali hupati zambarau, unapata rangi ya biringanya iliyokaa jua. @Povu_Jipya bado hujajibu maswali yangu, mafuta gani?

Povu_Jipya
Samahani nilikuwa kazini. Mafuta ni ya nazi asilimia 30, mzeituni ule wa kijani 30, na 40 mawese. Manukato nimeshanunua, vanila, dada anaipenda sana.

Mzee_wa_Kalibu
Mawese yapi? Meupe au mekundu?

Povu_Jipya
Mekundu, haya ya kupikia. Ndo maana nikasema sabuni zangu hazina rangi ya kueleweka, zinatoka kama chungwa hivi.

Fundi_Gramu
Watu tumebishana siku nzima kuhusu zambarau na mtu ana mawese mekundu asilimia 40.

Mama_Vipande
🤣🤣🤣

Mzee_wa_Kalibu
Binti, hiyo sabuni tayari ina rangi, tena kali. Altramarini ya zambarau juu ya chungwa unapata matope, haijalishi umenunua kwa nani. Pinki itakuwa ya samaki. Ukitaka zambarau inayosomeka, badilisha mawese mekundu uweke yale yaliyosafishwa meupe, mzeituni tumia ule wa rangi hafifu, halafu pitisha kila kitu upya kwenye kikokotozi cha kostiki, kile cha kupiga hesabu mafuta yako yanadai kostiki kiasi gani. Mawese mekundu na meupe yanadai kostiki karibu sawa lakini usikisie, piga hesabu. Ukishapata msingi mweupe, rangi nusu ya kiasi inatosha.

Shangazi_Povu
Na vanila! Hamjaona vanila? Manukato yenye vanilini, kile kinachotoa harufu ya vanila, yanageuza sabuni kahawia, sio siku hiyo hiyo, taratibu, siku kadhaa hadi wiki, mpaka ukikata ndani ni kama kahawa. Ulizia vanilini ni asilimia ngapi kwenye hayo uliyonunua. Kidogo sana unaweza kuponea, ikiwa nyingi usijaribu kupigana nayo.

Povu_Jipya
Chupa haijaandikwa. Na si nasikia nikiweka titaniamu dioksaidi inakuwa nyeupe?

Mama_Vipande
Inasaidia msingi wa njano njano uwe mweupe, ila haiwezi kuishinda kahawia ya vanila. Halafu titaniamu ukizidisha na maji yakiwa mengi na kalibu ikapata joto sana inachora mistari kama ya mito ndani ya sabuni, watu wanadhani ni ufa. Mi napunguza maji na siifuniki.

Binti_Manjano
Mi nina wazo, na msinirukie. Mwambie dada abadilishe rangi. Mawese mekundu yale yale, gawa uji mara mbili, nusu uache na chungwa lake, nusu weka kakao pamoja na vanila yote. Kahawia itakuja yenyewe na ndo unayoitaka. Hakuna cha kununua hata kimoja.

Fundi_Gramu
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Binti_Manjano. Ila chungwa la mawese nalo linapauka kwenye mwanga, zihifadhi kabatini zikiwa zinakomaa, na pawe na hewa.

Povu_Jipya
Dada hataki kahawia, nimemuuliza sasa hivi. Kasema kadi zimeshachapishwa zambarau. 😭 Nikiacha vanila nikaweka lavenda je?

Mzee_wa_Kalibu
Mafuta ya lavenda yenyewe hayageuzi rangi na hayakimbizi uji, hapo umetulia kuzungusha mpaka ushibe. Ila kama ni manukato ya kutengeneza yenye jina la lavenda hayo ni habari nyingine, mengine yana vanilini pia, mengine yanagandisha uji ukiwa na mwiko mkononi.

Nili_Kidogo
Mwiko? Nani bado anatumia mwiko, si blenda ya mkono?

Mzee_wa_Kalibu
Ukitaka kuzungusha rangi, blenda unaigusa kidogo tu mpaka mafuta na maji yashikane yasiachane, kinachobaki ni mwiko. Ukiblendi mpaka uji mzito rangi hazichoreki, zinakaa mabonge.

Nili_Kidogo
Mi nablendi mpaka mwisho na zangu zinatoka safi.

Fundi_Gramu
Zako ni za rangi moja.

Nili_Kidogo
Rangi moja ndo nini? Wateja wanazipenda.

Sabuni_Mgeni
Samahani kuingilia, mimi zangu zinatoka na unga mweupe juu kama vumbi la chokaa na unafunika rangi yote. Ni rangi mbaya au ni kostiki imezidi?

Mama_Vipande
Hiyo ni majivu ya soda, sehemu ya juu imekutana na hewa kabla sabuni haijashika. Nyunyizia spiriti kali ukishamimina, funika.

Shangazi_Povu
Spiriti haijawahi kunisaidia hata siku moja. Mimi naipitishia mvuke wa birika ikishakauka, inaondoka yote.

Mama_Vipande
Mvuke unaondoa na mchoro wa maika juu.

Shangazi_Povu
Labda birika lako.

Povu_Jipya
Wakuu, altramarini ya zambarau gramu 50 inatosha kilo 3 za mafuta?

Sabuni_Mgeni
Spiriti asilimia ngapi?