Tupeane uzoefu: viwavijeshi vamizi walivyokukuta shambani

Mkulima wa Rukwa: Leo nimeona mahindi ya jirani yenye majani yaliyokwanguliwa hadi yakapenyeza mwanga, nikakumbuka msimu wa 2017, mdudu huyu alipotuingilia mara ya kwanza. Nilidhani ni bungua wa mabua tuliyemzoea, nikasubiri wiki mbili. Nilipopanua moyo wa mhindi, yale majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea, nilikuta kinyesi kama unga wa mbao uliolowa na, chini yake, kiwavi mnene mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne ya mraba karibu na mkia. Nilikopa dawa, nikapuliza saa sita mchana juu ya majani, naye akabaki ndani ametulia. Katika ekari tatu nilivuna magunia manne.

Mama Wawili: Hiyo saa sita mchana imetuponza wengi, kaka.

Kitale Juu: Mimi nilitia mchanga uliochanganywa na jivu katika kila moyo, na mahindi yakapona.

Bwana Shamba Mstaafu: Kwa nusu ekari sawa, lakini kwa ekari kumi utamaliza jivu la kijiji kizima. Puliza alfajiri au jioni, ukielekeza bomba moyoni, viwavi wakiwa bado wadogo, na usirudie kundi lile lile la dawa, yaani zinazoua kwa njia moja, msimu mzima.

Kitale Juu: Mzee, hapa tunasimulia yaliyotupata, hatukuomba semina. Isitoshe, viwavijeshi hutembea kwa makundi. Huyo wenu wa mmoja mmoja ni mdudu gani?

Bwana Shamba Mstaafu: Wanaotembea kwa makundi ni wale weusi wa Afrika, wanaokomba hata malisho. Vamizi wakikua hulana wao kwa wao, ndiyo maana kila mhindi hubaki na mmoja.

Shamba la Mtoni: Mimi nilichanganya dawa tatu katika bomba moja, bila barakoa, nikapuliza nikielekea upepo unakotoka. Nilipofika mstari wa tano macho yaliingia giza, na mke wangu alinikokota hadi barabarani nikitokwa na povu. Nililazwa siku mbili.

Mama Wawili: Mungu wangu! Na sasa unaendeleaje, baba?

Shamba la Mtoni: Nimepona, dada, ila viwavi hawakuugua hata kidogo.

Mkulima wa Rukwa: Pole sana. Sasa mimi kila asubuhi ninapekua majani na kuponda mayai, yale yaliyorundikwa pamoja na kufunikwa manyoya ya kijivu.